Siki, Nyama ya Mkebe na Watu wa Kupelekwa Nje

Kuna watu husoma historia chuoni, na kuna sisi tulioacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Sisi tunaisoma popote tunapoipata. Historia ya Ufilipino niliipata kwenye duka la chakula mtaani Satwa, Dubai, kati ya rafu ya siki na friza ya samaki. Nilifanya kazi mji huo miaka miwili, jikoni, kwanza kuosha vyombo halafu kukata mboga. Wenzangu wengi walikuwa Wafilipino, na siku ya mshahara ilikuwa siku ya duka.

Satwa si Dubai ile ya picha. Ni mtaa mkongwe wa majengo mafupi, mafundi wa nguo na vinyozi, na Wafilipino wamekaa hapo miaka mingi. Duka lenyewe ni la kawaida, njia zake nyembamba mpaka watu wawili wenye vikapu lazima mmoja arudi nyuma. Kwao duka la mtaani linaitwa sari-sari, yaani la vitu mchanganyiko, na huko huuza kwa tingi: sigara moja, kitunguu kimoja, siki ya kujaza kikombe. Ukitoka Kayole ama Kisauni huhitaji kuelezewa tingi. Sisi tunaita kadogo. Tofauti ni kwamba duka la Satwa linauza pakiti nzima na chupa ya lita, kwa sababu mnunuzi ana mshahara. Kwa nini lazima avuke bahari ndio aweze kununua chupa nzima, hilo ndilo swali lililonifanya nianze kusoma.

Aliyenipeleka alikuwa mkuu wangu jikoni, mama wa kutoka Iloilo. Sote tulimwita Ate, neno lao la dada mkubwa, kwa sababu kumwita mtu mzima jina tupu ni utovu wa adabu kwao kama ilivyo kwetu. Yeye aliniita bunso, yaani kitinda mimba.

"Ate, kwani siki tatu ni za nini?"

"Moja ya miwa, moja ya nazi, moja ya kuchovya. Bunso, wewe kwenu mnakula chumvi aina moja kila siku?"

Tuanze na hiyo siki basi. Kwenye joto la visiwa, kabla ya friji, nyama hailali. Watu wakagundua kuipika kwa siki na chumvi ili ikae siku kadhaa. Wahispania walipofika waliona upishi huo unafanana na wao wa kuloweka nyama, wakauita adobo. Kamusi ya Kitagalogi ya mwaka 1613, iliyoandikwa na padri Pedro de San Buenaventura, ilikuwa tayari na maneno "adobo ya wenyeji". Kwa hivyo chakula kinachojulikana duniani kama cha Kifilipino kina jina la mkoloni na upishi wa mwenyeji. Mchuzi wa soya uliokaa kando yake unaitwa toyo, neno la Kichina cha Hokkien, na tambi za pancit ni za ukoo huo huo. Wachina walikuwa wakifanya biashara Manila kabla Mhispania hajaijenga upya kuwa makao yake mwaka 1571.

Rafu inayofuata ndiyo ilinishangaza. Kulikuwa na chupa za atchara, papai bichi lililokatwa nyembamba na kulowekwa kwa siki. Nilisoma lebo mara mbili. Hiyo ni achari! Neno lile lile la Kihindi tunalolitumia Mombasa, lilichukuliwa na mabaharia upande wa magharibi wa bahari na upande wa mashariki. Kando yake, pakiti za unga wa supu ya sinigang zikiwa na picha ya ukwaju. Ukwaju asili yake ni Afrika. Halafu majani makavu ya malunggay, ambayo ni mlonge wetu. Kwenye friza kulikuwa na ube, kiazi kikuu cha zambarau, na tui la nazi. Mtu wa Lamu angeingia duka hilo na nusu ya vitu angevijua bila kuuliza jina.

Lakini kufanana huku kusitudanganye kwamba bahari ilikuwa ya marafiki tu. Vyakula vingine kwenye duka hilo vilikuja kwa merikebu za Manila. Kuanzia mwaka 1565, Andrés de Urdaneta alipopata njia ya kurudi Meksiko kwa upepo, hadi mwaka 1815, merikebu zilipishana kati ya Manila na Acapulco. Kwenda zilibeba hariri na kauri za Uchina, kurudi zilibeba fedha iliyochimbwa Amerika. Kwenye mizigo hiyo ziliingia pia pilipili, nyanya, kakao, mahindi, mihogo na viazi vitamu. Viazi vitamu mpaka leo wanaita kamote, neno la wenyeji wa Meksiko. Mahindi na mihogo yetu ilitoka bara hilo hilo, ila kwetu ilifika kwa mkono wa Wareno.

Merikebu hizo hazikujijenga. Nyingi ziliundwa bandarini Cavite kwa mbao zilizokatwa na wanaume waliolazimishwa. Kila mwanaume wa kati ya miaka 16 na 60 alidaiwa siku 40 za kazi kwa mwaka, na mfumo huo uliitwa polo. Shika hilo neno, tutalikuta tena. Wengine walipandishwa kama mabaharia, na walipofika Acapulco wakatoroka. Hao ndio waliofundisha pwani ya magharibi ya Meksiko kugema mnazi. Kule Colima kinywaji hicho bado kinaitwa tuba, jina lake la Kifilipino. Hawa ndio Wafilipino wa kwanza tunaoweza kusema walipelekwa nje kikazi, na hawakuandika barua ya maombi.

Kisha kuna ukuta wa mikebe. Duka zima hakuna sehemu yenye rangi kama hiyo: nyama ya ng'ombe ya mkebe, soseji za mkebe, maziwa ya mkebe, matunda ya mkebe. Hapo umefika mwaka 1898. Hispania ilishindwa vitani na Marekani, na kwa Mkataba wa Paris ikaikabidhi Ufilipino kwa dola milioni 20. Wafilipino walikuwa wameshatangaza uhuru wao Juni ya mwaka huo, lakini hawakuulizwa. Vita vikafuata kuanzia 1899. Walimu wa Kimarekani walifika kwa meli mwaka 1901 na Kiingereza, na baada yao nyama ya mkebe ikawa chakula cha mtu aliyestaarabika. Ate mwenyewe aliniambia kwao mgeni wa maana hufunguliwa mkebe. Nikakumbuka mkate wa kununua na siagi ya mkebe kwa nyanya yangu, vilivyofichwa kabatini vikisubiri mgeni, huku viazi vitamu vya shambani vikiliwa kimyakimya na wenye nyumba.

Kati ya mikebe na sosi kuna chupa nyekundu ambayo ukiangalia haraka utadhani ni tomato sosi. Ni ya ndizi. Inahusishwa na María Orosa, mkemia wa chakula aliyesoma Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, kisha akarudi Manila kufanya kazi serikalini. Nyanya hazikusitawi vizuri kule kama ndizi, na Wamarekani walikuwa wamezoesha watu tomato sosi. Orosa akatumia ndizi. Wakati Wajapani walipoitawala nchi, alitengeneza unga wa soya wenye lishe ambao uliingizwa kwa siri kwenye kambi za wafungwa. Februari 1945, kwenye mapigano ya kuikomboa Manila, aliuawa na vipande vya mabomu. Kwangu mimi, chupa yake ndiyo chupa muhimu zaidi dukani. Mambo mengine yote kwenye rafu hizo yanaonyesha nchi ikipokea kilicholetwa. Hii inaonyesha mtu akiuliza: kwani sisi tuna nini hapa?

Sasa turudi kwa swali la kwanza. Duka hili linafanya nini Dubai?

Marekani ndiyo ilianza kuwachukua kwa mpangilio. Desemba 1906, wanaume 15 walishuka Honolulu kwenda kukata miwa Hawaii, na baada yao wakaja maelfu kwa maelfu. Ila hayo yalikuwa mashamba yakitafuta vibarua. Mwaka 1974 ni serikali yenyewe iliyokuwa ikitafuta wanunuzi. Ferdinand Marcos alikuwa anatawala kwa sheria ya kijeshi, vijana hawakuwa na kazi, na bei ya mafuta iliyopanda mwaka 1973 ilikuwa imeijaza Ghuba pesa za kujenga miji. Mei 1, sikukuu ya wafanyakazi, akatia saini Sheria ya Kazi iliyoweka bodi za serikali za kutafutia raia kazi ng'ambo. Ilikuwa iwe dawa ya muda tu.

Dawa ya muda imemaliza miaka hamsini. Mwaka 1982 Marcos alitoa amri kwamba wanaofanya kazi nje lazima watume nyumbani kwa njia ya benki kati ya asilimia 50 na 80 ya mshahara. Wafanyakazi waliipinga hadi adhabu zake zikaondolewa. Corazon Aquino alipochukua nchi, alibadilisha lugha: mwaka 1988, akiongea na yaya na wasaidizi wa nyumbani Hong Kong, aliwaita mashujaa wapya. Ofisi za kazi kwenye balozi zao zikafunguliwa mji baada ya mji, na kwa miaka mingi kifupi cha jina lake kilikuwa POLO. Sidhani kuna aliyekusudia, lakini ni neno lile lile la Cavite.

Nisiwe mnyimi. Hao watu wamejipanga kuliko sisi. Mfuko wao wa ustawi wa wafanyakazi wa nje ulianzishwa mwaka 1977. Mwaka 1995, Flor Contemplacion, msaidizi wa nyumbani, aliponyongwa Singapore kwa mauaji ambayo wengi kwao hawakuamini aliyafanya, nchi nzima ilifurika barabarani, na mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya kuwalinda wafanyakazi walioko nje. Mwaka 2018, mwili wa mwanamke wa Kifilipino ulipopatikana kwenye friza Kuwait, Ufilipino ilisimamisha kupeleka watu huko hadi makubaliano mapya yakasainiwa. Kila kipengele cha ulinzi walicho nacho kiko juu ya kaburi la mtu. Na bado watu hawakuacha kuondoka. Pesa wanazotuma sasa zinapita dola bilioni 30 kwa mwaka, na uchumi uliozoea hela kama hiyo hauna haraka ya kutengeneza kazi nyumbani.

Karibu na mlango wa duka kulikuwa na maboksi makubwa ya karatasi ngumu, yamekunjwa. Hayo ni ya kutuma nyumbani, wanayaita balikbayan. Tangu mwaka 1987 yamekuwa yakisamehewa ushuru. Ate alikuwa na moja chini ya kitanda, akilijaza kidogokidogo: sabuni, chokoleti, taulo, na nyama ya mkebe. Fikiria hiyo safari. Anajinunulia samaki wakavu waliotoka Ufilipino ili asisahau ladha ya kwao, halafu anatuma kwao mikebe ili wasimsahau. Alitoka nyumbani binti yake akiwa na miaka minne. Nilipomjua, binti alikuwa chuo kikuu, karo ikilipwa na jiko lile lile nililokuwa naoshea vyombo. Siku moja aliniambia hajui mtoto huyo anapenda kula nini. Alikisia kwa kuangalia picha.

Nayasema haya kwa sababu sisi tuko mwaka wetu wa 1974. Pesa zinazotumwa Kenya kutoka nje zinazidi dola bilioni 4 kwa mwaka, zimeipita chai. Septemba 2024 tulisaini makubaliano na Ujerumani ya kupeleka wafanyakazi, na serikali ina mpango inaouita Kazi Majuu. Wanasiasa wanausifia mfano wa Ufilipino kana kwamba ni shamba la kuvuna. Msee wa mtaa hana shida na hiyo, na mimi nitakuwa wa mwisho kumkataza mtu kuondoka. Nilienda, nilituma pesa, ndugu yangu alimaliza shule. Ninachouliza ni kama tunauiga mfano wote. Tumeshaanza kupokea majeneza kutoka Ghuba. Sheria zitakuja kabla ya majina mengine mangapi?

Wakati wangu, unga wa ugali ulitufikia Dubai kwa mabegi ya waliotoka likizo, tukagawana kwa kikombe kama tingi. Najua duka letu litakuja. Litakuwa na unga, royco, majani chai na omena kwenye pakiti safi, na siku ya kufunguliwa balozi atakata utepe. Tutashangilia, na ni haki yetu, chakula cha nyumbani ni chakula cha nyumbani. Ila duka kama hilo hufunguliwa pale ambapo watu wamekuwa wengi na wamekaa muda mrefu. Kabla ya kupiga makofi, hesabu wanunuzi, kisha uhesabu watoto waliobaki na nyanya zao.