Kwa nini mgongo wa mzee hupinda?

Misuli hupungua taratibu kadiri umri unavyosonga, na kwa kasi zaidi baada ya miaka 60. Misuli ya mgongo ikidhoofika, hushindwa kuushikilia vyema uti wa mgongo. Mzee huinama mbele, huchoka upesi na huanguka kwa urahisi.

Unachoweza kufanya

- Mpe maharage, dagaa, mayai au maziwa kila siku.
- Mhimize ainuke na kuketi kwenye kiti imara mara kadhaa, angalau siku 2 kwa wiki. Kaa karibu naye.
- Asishinde kitandani.

Mpeleke kituo cha afya

Akipata maumivu ya ghafla ya mgongo, usiseme ni uzee tu. Huenda pingili imevunjika, hata kama hakuanguka. Miguu ikifa ganzi au akishindwa kuzuia mkojo, mpeleke mara moja.