Daftari la kidijitali

Daftari la kidijitali ni mkusanyo wa madokezo ambayo mtu huyahifadhi katika simu au kompyuta kwa ajili ya masomo, utafiti au kazi yake, akiyapanga ili ayapate tena.

Mpangilio wake ulianzia kwenye karatasi. Mwanasosiolojia Mjerumani Niklas Luhmann (1927–1998) aliacha kadi takriban 90,000, kila moja ikiwa na namba yake, na nyingine zikitaja pia namba za kadi zinazohusiana nazo. Programu kama Obsidian hutumia viungo badala ya namba.

Faida ya viungo huonekana katika mfano wa Darajani, Unguja. Mwanafunzi anaweza kuwa na dokezo kuhusu jengo la soko la mwaka 1904, la pili kuhusu daraja lililovuka hori kando ya Mji Mkongwe, na la tatu kuhusu mitaa ya Ng'ambo. Akiyatenga katika mafaili ya "biashara", "barabara" na "makazi", hayatakutana. Akiyaunganisha, majina yanajieleza: Darajani ni penye daraja, na Ng'ambo ni ng'ambo ya hori. Hori lenyewe limefukiwa, hivyo anayepita sokoni leo haoni asili ya majina hayo.

Kila dokezo huhitaji chanzo na tarehe, la sivyo habari ya kitabuni haitofautiki na ya barazani. Wengi hujitumia ujumbe wa WhatsApp. Ni njia ya haraka, lakini simu ikipotea bila nakala rudufu, madokezo hupotea nayo. Faili la maandishi matupu husomeka hata programu iliyoliandika ikiacha kutolewa.