Gazeti la Al-Hawza na Kufungwa Kwake Chini ya Uvamizi wa Iraq

Al-Hawza lilikuwa gazeti la Kiarabu la kila wiki, lililochapishwa Baghdad baada ya kuangushwa utawala wa Saddam Hussein mwezi wa Aprili 2003. Lilikuwa ni sauti ya wafuasi wa Muqtada al-Sadr. Hawza, kwa Mashia, ni vyuo vya elimu ya dini, na mashuhuri zaidi Iraq ni kile cha Najaf.

Jumapili ya tarehe 28 Machi 2004, sawa na mwezi wa Safar 1425 Hijria, askari wa Marekani walikwenda kwenye ofisi za gazeti, wakawatoa wafanyakazi na kufunga milango kwa mnyororo. Amri ilitoka kwa Paul Bremer, Mmarekani aliyekuwa akiitawala Iraq. Gazeti lilifungiwa siku 60 kwa tuhuma ya kuchochea fujo. Miongoni mwa makala zilizolalamikiwa, moja ilidai kuwa mripuko wa Iskandariya wa mwezi wa Februari, uliouwa makumi ya watu, ulikuwa ni kombora la Marekani na si gari lililotegwa bomu. Nyengine ilisema Bremer anafuata nyayo za Saddam.

Maelfu ya watu waliandamana. Siku chache baadaye msaidizi wa al-Sadr alikamatwa, na tarehe 4 Aprili vita vikazuka Baghdad na Najaf. Wengi waliuliwa. Mwezi wa Julai serikali ya Iyad Allawi ililiruhusu gazeti kurudi.

Katika kisa hiki tunapata mafunzo mawili. La kwanza ni kwa mwenye madaraka. Mtume (S.A.W.) alimfundisha Sayyidna Ali (R.A.) asihukumu mpaka asikie pande zote mbili. Hapa aliyelaumiwa na gazeti ndiye aliyelihukumu, na kufuli halikuleta utulivu.

La pili ni kwa anayeandika na anayesambaza. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha khabari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Kudhulumiwa hakutupi ruhusa ya kueneza tusilolijua. Tuwafundishe hayo watoto wetu, nasi tuanze na simu zilizomo mikononi mwetu.

Wallahu a'lam.