Masikilizano: Istilahi ya Waya Mmoja na Vyombo Viwili

Mtu wa Kasongo ambaye intaneti yake inajikokota hutazama kwanza mbinguni, wala halaumiwi kwa hayo, maana huku kwetu habari za dunia aghalabu huteremka kwa antena ya vesati iliyosimamishwa juu ya paa, kutoka setilaiti iliyotulia kilomita 35,786 juu ya Ikweta, mbali kiasi kwamba ombi likipanda na kushuka, na jibu lake likipanda na kushuka vilevile, nusu ya sekunde huwa karibu kwisha kabla herufi ya kwanza haijaonekana. Na fauka ya umbali huo ziko mvua za Maniema, ambazo zikinyesha kwa ghadhabu hulidhoofisha wimbi lenyewe. Kwa hiyo nilipoona kompyuta yangu ya mezani, chombo kikuukuu nilichokipata kwa ofisi moja iliyobadilisha samani zake, inaleta barua fupi bila taabu lakini picha moja haimaliziki hata sombe ikaiva, nilimhukumu aliye mbali nikamsahau aliye karibu. Nililaumu setilaiti, nikalaumu mawingu, nikawalaumu majirani tunaochangia nao gharama za antena hiyo, hasa yule mwenye vijana wengi wasiolala. Waya ulioshuka ukutani hadi mezani pangu sikuutia shaka, kwa sababu waya ni kitu cha kushikika, na mwanadamu hupenda kutuhumu asichoweza kukishika.

Siku moja akapita fundi kijana, mzaliwa wa Kabambare, aliyekuwa akirudi kwao kwa pikipiki na mkoba wa koleo mgongoni. Hakupanda juu ya paa, jambo lililonisikitisha kidogo, kwa kuwa nilikwisha kumwandalia ngazi. Alichomoa waya nyuma ya kompyuta yangu, akauchomeka katika kompyuta yake ndogo, akaita picha ile ile niliyokuwa nikiingoja tangu alfajiri, nayo ikaja. Kwa kitendo hicho kimoja mbingu, antena, ruta na waya vyote vilitolewa hatiani, akabaki mshitakiwa mmoja tu. Kisha akaurudisha waya mahali pake, akafungua mipangilio ya kadi ya mtandao, akatikisa kichwa.

“Papa,” akaniambia, “hizi mashini mbili hazisikilizane. Ya kwako ilinyamaza. Ya kule inasikiliza bure.”

“Ilinyamazishwa na nani, mwanangu?”

“Ni ule mwenye alikuwa nayo mbele. Alitaka iende mbio.”

Maneno hayo ndiyo niliyokaa nayo siku nyingi baada ya pikipiki kuondoka, maana kijana yule, bila kukusudia, alikuwa amenipa istilahi ambayo nilikuwa nikiitafuta katika vitabu bila kuipata.

Jambo alilolitaja ni la zamani kidogo. Mtandao wa waya uitwao ethaneti ulibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na wenziwe katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, na ulipokwisha kuenea katika maofisi ulikuwa na kasi moja ijulikanayo, megabiti 10 kwa sekunde; na maadamu kasi ilikuwa moja, hapakuwa na haja ya chombo kumuuliza mwenziwe anaweza nini. Ilipofika mwaka 1995, ikaja kanuni ya megabiti 100, ikawa hapana budi vyombo vya vizazi viwili kukutana katika ncha mbili za waya mmoja, babu upande huu na mjukuu upande ule, kila mmoja hajui mwenziwe amelelewa wapi. Ndipo ikatungwa adabu ya kufanyiwa kabla ya mazungumzo yoyote, ambayo kwayo vyombo hivyo hujulishana uwezo wao na kuchagua kasi vitakayoitumia, bila mtu kuingia kati. Adabu hiyo ndiyo mafundi wetu, waliosomea kazi yao kwa Kifaransa, huiita kwa neno refu wanalolitamka otonegosiasio.

Neno hilo limetokana na Kilatini, ambamo negotium maana yake ni shughuli, na ukilichambua zaidi utakuta ni kukana otium, yaani kutokuwa na wasaa. Ni neno la mfanyabiashara asiye na nafasi ya kupumzika. Basi anayelileta katika Kiswahili kwa kufuata maana yake hujikuta na maneno matatu au manne mkononi, yote mazuri, na yote yana kasoro.

La kwanza ni majadiliano. Hili ni tukufu, limetoka katika Kiarabu na linafaa baraza na bunge, walakini majadiliano yaweza kukesha yasizae kitu, na ncha mbili za waya zikijadiliana bila kuhitimisha ndiyo maradhi yenyewe, siyo dawa. La pili ni mwafaka, nalo lina kasoro ya kinyume: linataja mwisho wa safari, halitaji mwendo. Sulhu siiweki hata mizanini, kwa sababu sulhu hutanguliwa na ugomvi, na vyombo hivi havijagombana.

Linabaki mapatano, ambalo nakiri lilinivutia kwa muda mrefu. Mswahili wa pwani na wa bara humwambia mwuza samaki “tupatane,” na neno hilo hubeba mvutano na ukomo wake kwa pamoja. Kasongo ni mji wa mapatano tangu asili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu humjua kwa jina la Tippu Tip, alikuwa na makao yake huku, na mwaka 1876 alipatana na msafiri Stanley kumsindikiza kwa marhala 60 kuufuata mto Lualaba; na wote wawili waliandika habari hiyo, ingawa safari ya pamoja ilikatika kabla ya hesabu kutimia. Hapo ndipo ilipo dosari ya neno. Anayepatana huficha. Mwuzaji haitaji bei yake ya chini, mnunuzi haonyeshi fedha iliyomo mfukoni, na ustadi wa kila mmoja ni kumfanya mwenziwe aamini kwamba amefika ukingoni ilhali ukingo uko mbali. Vyombo vyetu havina hila hiyo hata chembe.

Tazama vinavyofanya. Waya ukichomekwa, kila upande hutoa mapigo mafupi ya umeme, kundi kwa kundi, kila kundi likidumu milisekunde 2, na kundi jingine likifuata baada ya milisekunde 16 hivi. Naona nieleze vizuri, kwa kuwa hesabu za namna hii hupotea katika ulimi: ukiigawa sekunde moja mafungu 1,000, kundi huchukua mafungu 2, na kutoka mwanzo wa kundi hadi mwanzo wa lijalo ni mafungu 16. Ndani ya kundi mna neno la nafasi 16, na nafasi hizo ni orodha ya wazi: naweza 10 kwa zamu, naweza 10 bila zamu, naweza 100 kwa zamu, naweza 100 bila zamu; kwa zamu ni mmoja kusema mwingine akinyamaza, bila zamu ni wote kusema kwa pamoja. Hakifichwi kitu. Msikilizaji halipokei neno hilo kwa kulisikia mara moja. Sharti alisikie mara tatu mfululizo bila kubadilika, kama vile sisi tunavyompa mgeni hodi tatu kabla ya kuamua kwamba mlangoni yupo mtu, na akishaliyakinisha hurudisha alama ya kusema nimekusikia. Pande mbili zikisha kusikiana hivyo, hapana anayempunguzia mwenziwe wala anayemkatia: kila mmoja huangalia orodha mbili, huchagua lililo bora kabisa kati ya yale yaliyomo katika zote mbili, na kwa kuwa daraja za ubora zimekwisha kupangwa na kanuni, wote hufikia jibu moja bila kuulizana tena.

Hayo siyo kupatana. Ni kusikilizana, kwa maana ya sikio na kwa maana ya moyo. Na Kiswahili cha Maniema, ambacho husema “hawasikilizane” juu ya ndugu wawili waliokosana na “masikilizano” juu ya wale waliorudiana, kimezifunga maana hizo mbili katika neno moja tangu zamani. Najua msomaji wa Unguja au Mombasa ataniambia kwamba hicho ni Kingwana, maneno ya bara. Namjibu kwa heshima kwamba lugha hii ilifika kwa miguu kutoka kwao, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikapumzika Kabambare kabla ya kuingia Kasongo. Na majeshi ya Mfalme Leopold yalipoutwaa mji mwezi wa Aprili 1893, utawala wa Waarabu uliondoka, lugha ikabaki. Na hata pwani, wakisema fulani na fulani wanasikilizana, hawamaanishi masikio peke yake.

Ubora wa istilahi hujulikana pale kitu kinapoharibika, maana istilahi njema humwelekeza mgonjwa mahali pa kushika. Ningekuwa na neno mapatano kichwani, ningeuliza: vilipatana ngapi? Swali hilo si baya, na aliye na kompyuta kuukuu yafaa aanze nalo, kwa kuwa jibu lake huandikwa katika ukurasa wa hali ya mtandao. Lakini kwangu lingenidanganya, kwa sababu ukurasa ulionyesha megabiti 100, kasi nzuri kabisa. Swali lililofaa ni lile la kijana: nani aliyenyamaza?

Mwenye kompyuta wa kwanza, kwa haraka zake, alikuwa ameifungia kadi katika 100 bila zamu, akidhani kwamba kuilazimisha ndiko kuiharakisha. Kadi iliyofungiwa hivyo huacha kutoa orodha yake. Upande wa pili, swichi inayounganisha nyaya za majirani wote, ilisikiliza kwa adabu, haikusikia neno. Ikatambua kwa mwendo wa umeme wenyewe kwamba kasi ni 100, lakini habari ya zamu haimo katika mwendo huo, na kanuni huamuru kwamba asiyeambiwa achukue lililo salama, yaani kwa zamu. Hapo vikawa viwili visivyojua kwamba havijuani.

Wazee wa huku wataielewa zamu kwa kukumbuka foni, redio ile ya misheni na ya wafanyabiashara, ambayo kabla ya simu za mkononi ndiyo iliyotuunganisha na Kindu na Bukavu: mmoja husema, hukaribisha mwenziwe, ndipo huyo naye hubonyeza na kusema. Sasa mfikirie mtu wa foni anayezungumza na mtu wa simu. Wa simu husema wakati wowote apendapo. Wa foni kila anaposikia sauti katikati ya maneno yake hudhani mawimbi yamegongana, hukatisha sentensi, husubiri, huanza tena. Na wa simu hupokea vipande vilivyokatika, huvitupa. Maneno machache hupita, kwa kuwa ni nadra wawili kusema kwa dakika moja. Hotuba ndefu haipiti. Ndiyo maana barua zangu zilifika na picha zikakwama, na dalili hiyo, ya kidogo kupita na kingi kukwama, ni ya kukumbukwa kuliko namba yoyote.

Kijana aliifungua kadi, akairudishia hiari ya kusema, na kazi nzima haikuchukua muda wa kikombe cha chai. Alinihadithia pia habari ya ofisi moja ya kwao Kabambare iliyokuwa na ugonjwa wa namna nyingine. Waya wa ethaneti una nyuzi nane zilizosokotwa jozi nne. Kasi ya 100 hutumia jozi mbili tu, lakini kasi ya 1,000, iliyowekewa kanuni mwaka 1999, hutaka zote nne. Panya walikuwa wametafuna jozi moja kati ya zile zisizohitajiwa na 100. Vyombo vikasikilizana vizuri kupitia jozi nzima, vikachagua 1,000, vikaondoka, vikaanguka njiani, vikaanza masikilizano upya, siku nzima. Kadi nyingine huwa na busara ya kushuka hadi 100 baada ya kushindwa mara kadhaa, na mwenyewe asijue ila kwa kutazama. Dawa huwa ni koleo na kichwa kipya cha waya, au waya mpya.

Nisije nikaahidi kisichokuwapo: masikilizano yakiwa kamili, kasi ya nyumbani haizidi ile inayoteremka kwenye antena, na antena yetu haijapata hata siku moja kuijaza megabiti 10 kati ya zile 100. Vijana wakisema debi, yaani kasi, imeshuka, mara nyingi imeshuka kweli. Walakini mambo yanageuka. Mwezi wa Mei 2025 serikali ya Kinshasa iliipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi nchini, na setilaiti zake huzunguka kilomita 550 hivi tu juu yetu, na huweza kuleta zaidi ya megabiti 100. Jirani yangu mwenye vijana wengi amekwisha kuanza kukusanya michango. Siku antena hiyo itakaposimama, kadi yangu itataja ukweli wake wote mara tatu, na ukweli huo hauvuki 100.

Kwa hiyo nilimwuliza kijana kama angeweza kuniletea kadi ya 1,000 inayoingia katika kompyuta ya umri huu. Akasema inapatikana, kwa dola 15. Nikamwambia kwamba mimi ni mzee, na kadi za zamani hazina soko, nikataja 8. Akacheka, akasema barabara ya Kabambare ina matope, akashuka hadi 13. Nikainuka kana kwamba naingia ndani, akaniita. Tulikomea 11, na mpaka leo sijui bei yake ya chini ilikuwa ngapi, wala yeye hajui yangu.