Mto Ule Ule wa Engaruka

Shuleni, Engaruka ilikuwa jina la kukariri kwa ajili ya mtihani: kilimo cha umwagiliaji, basi. Hatukuambiwa kwamba iko jirani namna hii. Ukiteremka kutoka Karatu hadi Mto wa Mbu, kisha ukashika njia ya kaskazini chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, utafika.

Usitafute kasri wala mnara. Kilichobaki ni mistari ya mawe yaliyopangwa kwa mkono, kwenye uwanda mkavu wa takriban hekta 2,000. Kati ya karne ya 15 na ya 18, wakulima walioishi katika vijiji saba ubavuni mwa mlima waliyakinga maji yanayoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, wakayaongoza kwa mifereji hadi kwenye mtama wao. Mahali pengine walijenga kingo za mawe kusubiri mafuriko. Maji yalipita, tope likabaki, na shamba likanenepa msimu baada ya msimu. Hata udongo waliutengeneza wenyewe.

Louis Leakey alifika mwaka 1935, akakadiria wakazi makumi ya maelfu. Watafiti waliomfuata wameipunguza sana idadi hiyo. Kuhusu kuhama kwao, hutajwa kupungua kwa maji, kuchoka kwa udongo na ujio wa wafugaji.

Ndipo huja lile neno: "waliotoweka." Mimi silipendi. Wapo watafiti waliowahusisha na Wasonjo wa wilaya ya Ngorongoro, ambao zamu zao za maji zimesimamiwa kwa vizazi na baraza la wazee, wenamiji. Wengine waliwataja Wairaqw, majirani zangu wa Karatu, mabingwa wa matuta na samadi. Undugu huo haujathibitishwa. Lakini ujuzi wenyewe haukutoweka, umetuzunguka.

Na mto bado unatiririka. Wakulima wa Engaruka ya leo wanauchepusha kumwagilia mahindi, maharage na migomba. Tunapozungumzia miradi ya umwagiliaji kana kwamba historia ilianza na saruji, tunawanyima ushahidi wa miaka 300 kuhusu mto huo huo: jinsi ulivyolisha watu, na jinsi siku moja haukutosha.