Wino wa Kidole



Ukishuka basi Victoria, ukatembea kidogo kuingia Pimlico, utaikuta Cambridge Street. Nyumba namba 95 ina kibao cha buluu cha mviringo, kinachowaambia wapita njia kwamba hapo aliishi Jomo Kenyatta. Ni miaka ya 1933 hadi 1937, alipokuwa mwanafunzi mwenye koti moja zuri na madeni mengi. Jumamosi moja tulipita pale watu wanne. Mmoja wetu akatoa simu apige picha ya ukumbusho. Alipoinua macho atafute pembe nzuri, akaangua kicheko: juu ya nguzo palikuwa na kamera, nayo ilikwisha kutupiga sisi kitambo.

Mzee Kenyatta naye hakukosa wapiga picha wake. Wapelelezi wa polisi wa London walimfuatilia tangu alipofika kwa mara ya kwanza mwaka 1929: alikutana na nani, alihutubia wapi, barua zilitoka kwa nani. Idara ya usalama, MI5, ilimwekea faili, na leo faili hilo liko Kew, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, mwendo wa treni ya District kutoka hapo Victoria. Unaweza kwenda kulisoma. Hati za mashushushu ni nzuri kweli, herufi zimenyooka.

Tumeanza hapo kwa sababu tumechoka kidogo na magazeti ya hapa. Kila wiki kuna habari ya teknolojia mpya: kamera inayotambua sura, simu inayosikiliza, serikali inayotaka kitambulisho cha kidijitali. Waandishi wanashtuka kama watu waliomwagiwa maji ya barafu. Sisi tuliotoka upande ule wa bahari tunasoma, tunanywa chai, tunajiuliza: hii nguo si tuliwahi kuivaa?

Tuitazame nguo yenyewe. Mwaka 1858, huko Bengal, India, ofisa wa Kiingereza aitwaye William Herschel alimtaka mkandarasi mmoja wa kienyeji apige muhuri wa kiganja chake kizima kwenye mkataba. Kusudi lake lilikuwa kumtisha ili asije akaukana. Baadaye mchezo ukawa sayansi. Miaka ya 1890, katika ofisi ya polisi ya Calcutta, Azizul Haque na Hem Chandra Bose walisaidia kutengeneza utaratibu wa kupanga alama za vidole ili ziweze kutafutwa upesi. Utaratibu ukapewa jina la bosi wao, Edward Henry. (Wabeba maboksi wenzetu, mnaijua hadithi hiyo.) Henry akaja nao London, na mwaka 1901 Scotland Yard ikafungua ofisi ya alama za vidole. Kwa hiyo wino ulijaribiwa kwanza kwenye vidole vya waliotawaliwa, ndipo ukaletwa kwa wenyewe. Tafadhali likumbukeni hilo, tutalirudia.

Kutoka hapo wino ukapanda meli kuja kwetu. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ya Kenya ilipitisha sheria ya kuandikisha wenyeji. Vita vikaichelewesha, na baada ya vita ikaanza kutumika. Kila mwanamume Mwafrika aliyevuka umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande: karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, mwajiri wake, na mshahara aliolipwa. Karatasi ilikaa ndani ya kijaluba cha bati, na kijaluba kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Wazee walisema walifanywa kama mbuzi wenye kengele. Mwajiri asipotia saini kwamba umeachishwa kazi, huwezi kuajiriwa kwingine, na ukiondoka bila ruhusa, wewe ni mtoro wa kusakwa. Vidole vyako viko Nairobi, utakwenda wapi?

Watu hawakukaa kimya. Harry Thuku, karani wa simu, alipinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa Machi 1922. Watu walipokusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi tarehe 16 kudai aachiwe, walipigwa risasi. Serikali ilihesabu maiti 21, wengine wakahesabu zaidi. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewasuta wanaume kwa woga wao, alikuwa miongoni mwa waliokufa. Kipande kilikaa shingoni miaka mingine ishirini na zaidi.

Sasa sikilizeni kituko. Mwaka 1947 ilitungwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, na wote watoe alama za vidole. Walowezi wa Kizungu wakawaka moto. Sisi? Wino? Kama wahalifu? Kelele zilikuwa kubwa hata serikali ikamwita Sir Bertrand Glancy aje achunguze, na ikapatikana njia ya kukwepa wino: picha na saini. Yaani kwa miaka karibu thelathini alama ya kidole ilikuwa jambo la kawaida, la maendeleo, lisilomdhuru mtu mwema. Siku ilipogusa kidole cha mlowezi, ikawa tusi. Hatuwacheki walowezi kwa hasira yao. Walikuwa na haki ya kukasirika. Kosa lao ni kwamba hasira hiyo hawakuwahi kumkopesha mpishi wao.

Na ile kamera ya kutambua sura? Tunayo pia. Tarehe 24 Aprili 1954 ilianza Operesheni Anvil. Askari wapatao 25,000 waliizingira Nairobi, na makumi ya maelfu ya watu wakapangwa mistari kuchujwa. Mbele yao aliketi mtu aliyefunikwa gunia kutoka kichwani, limetobolewa matundu mawili ya macho. Wagikuyu walimwita gakunia, kigunia. Unapita mbele yake. Akitikisa kichwa hivi, nenda nyumbani. Akitikisa vile, panda lori uende kambini. Huwezi kumwuliza alikuonea wapi, huwezi kumwona uso, huwezi kukata rufaa. Polisi wa London walijaribu kamera za kutambua sura kwenye Kanivali ya Notting Hill, sherehe ya ndugu zetu wa Karibi, mwaka 2016 na 2017, na kuanzia 2020 wakaziingiza katika kazi rasmi. Tulimsimulia mzee mmoja wa Kikenya habari hiyo, tukamweleza jinsi mashine inavyokutazama na kuamua. Akauliza swali moja tu: "Nayo imevaa gunia?"

Tulidhani anatania. Baadaye tukaona ndilo swali lenyewe. Kutazamwa si jambo geni kwetu. Wengine wetu tumekulia chini ya balozi wa nyumba kumi, aliyejua nani kapika pilau na mgeni gani kalala kwa nani bila taarifa. Lakini balozi ulimwona. Ulijua anakaa mlango gani, nawe ulijua yake: mkewe alimnunia lini, na mwanawe kafukuzwa shule kwa nini. Mambo yalikuwa nipe nikupe. Gakunia yeye anakujua, wewe humjui. Hapo ndipo ubaya unapoingia.

Na mwenye gunia anapenda mno kulichoma akimaliza kazi. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba nyaraka zinazoweza kuiaibisha serikali ya Malkia zisiachwe mikononi mwa serikali mpya za nchi zinazopata uhuru. Nyingine zikachomwa, na maagizo yakasema hata majivu yapondwe. Nyingine ziliruhusiwa kutupwa baharini ndani ya makasha mazito, penye kina kirefu, mbali na pwani. Nyingine zililetwa Uingereza kimyakimya na kufichwa Hanslope Park, huko Buckinghamshire. Zikakaa huko mpaka wazee wa Mau Mau, akina Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi na Jane Muthoni Mara, walipoishtaki serikali hapa London mwaka 2009 kwa mateso ya makambini. Mwaka 2011 ikabidi serikali ikiri kwamba mafaili yapo: yapatayo 8,800, kutoka makoloni 37 ya zamani. Ya Kenya peke yake ni kama 1,500. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa imefichwa kabatini nusu karne.

Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alisimama Bungeni Westminster. Alikubali kwamba Wakenya waliteswa, akaeleza majuto ya serikali, akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama, kwa watu 5,228. Baadhi yetu tulilia siku ile. Lakini siku hiyohiyo ya Juni 6 magazeti yalikuwa yanaanza kuchapisha siri za Edward Snowden, jinsi Marekani ilivyokuwa ikikusanya simu na barua pepe za dunia. Kabla ya mwezi kuisha tukasoma kwamba GCHQ, idara ya Kiingereza ya kunasa mawasiliano, ilikuwa ikichota kutoka nyaya zipitazo chini ya bahari. Idara hiyo iko chini ya nani? Chini ya Waziri wa Mambo ya Nje. Tarehe 9 Juni, siku tatu tu baada ya majuto, Hague huyohuyo alisema kwenye televisheni kwamba raia mwema anayefuata sheria hana cha kuogopa.

Siku tatu, ndugu zetu. Hata matanga yetu ni marefu kuliko hivyo.

Maana wale wazee wa Mau Mau, wengi wao walikuwa watu wa kufuata sheria. Tatizo lilikuwa sheria yenyewe. Kipande kilikuwa halali. Kambi zilikuwa na karatasi zake zote. Tunapoambiwa kwamba asiye na kosa hana siri, sisi tunakumbuka kwamba mwenye kuamua kosa ni nini ndiye huyohuyo mwenye faili. Wazee wetu wana methali, mficha uchi hazai. Ni kweli, lakini uchi huo unamfunulia mkunga. Humfunulii mtaa mzima.

Tusije tukajifanya kwamba ubaya ni wa Waingereza peke yao. Watoto walirithi gunia la baba. Kenya ilipoleta Huduma Namba mwaka 2019, mahakama ndiyo iliyosimama njiani, na Oktoba 2021 ikasema serikali haikupima kwanza madhara kwa taarifa za watu kama sheria inavyotaka. Tanzania mwaka 2018 ilimtaka hata mwenye blogu ya mapishi atafute leseni, kwa ada ya zaidi ya shilingi milioni mbili. Uganda ilizima intaneti Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi wa Tanzania, intaneti ilikatika nchi nzima kwa siku kadhaa. Mnakumbuka siku zile. Tulikuwa tunaandika "Mama, mko salama?" tunatazama tiki moja. Asubuhi tiki moja, usiku tiki moja. Mtu anaingia zamu ya usiku hospitali na simu kifuani, anaitoa kila baada ya dakika kumi. Serikali moja inakusikiliza kupita kiasi, nyingine inakuzibia usisikie, nawe uko katikati na tiki yako moja.

Huku nako, kadi zetu za ukaazi, zile tulizoanza kupewa wageni tangu 2008 kwa alama za vidole, ziliisha muda nyingi zake tarehe 31 Desemba 2024. Sasa makaratasi yako hayapo, yako mtandaoni. Na kumbukeni kwamba sheria ya vitambulisho vya taifa ya 2006, iliyowahusu wenyeji, ilifutwa mwaka 2010 kwa kelele za wenyeji wenyewe. Kadi za wageni zikabaki. Cambridge Street na Nairobi ya walowezi, ni mtaa mmoja. Lakini Septemba 2025 serikali ilipotangaza mpango wa kitambulisho cha kidijitali kwa wote, tuliwaona majirani zetu wamevimba kwa hasira. Mama mmoja wa jumuiya yetu, anayeogopa hata kubadilisha simu asije akapoteza uthibitisho wa ukaazi wake, alisema: "Karibuni. Tuliwawekea viti."

Tumfuate mama huyo. Tuwakaribishe, tuwaambie tunachokijua. Na tufanye jambo moja dogo. Sheria ya hapa inakupa haki ya kuandika barua kwa kampuni au ofisi yoyote na kusema: nionesheni mlichonacho juu yangu. Kwa kawaida ni bure, nao wana mwezi mmoja wa kujibu. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Wazee wa Mau Mau walisubiri miaka hamsini, wakafika London na mikongojo, ndipo kabati likafunguliwa. Sisi tunatakiwa stempu, au barua pepe tu.

Jumapili ya mwisho wa mwezi tutaleta karatasi na kalamu kwenye kikao, tuandike pamoja, na wasiojua Kiingereza cha ofisi tutawasaidia. Chai ipo, na maandazi. Picha tutapiga kwa anayetaka, naye asiyetaka asogee pembeni bila kuulizwa kwa nini.