Mjaini aliyewatetea Wahindu Chicago

Kila Septemba 11 Wahindi humkumbuka Swami Vivekananda, ambaye mwaka 1893 alisimama mbele ya Bunge la Dini za Dunia mjini Chicago na kuwaita Wamarekani ndugu zake. Virchand Raghavji Gandhi naye alikuwa kwenye jukwaa hilohilo, lakini ni nadra kusikia akitajwa. Hapo pana dhuluma.

Virchand, mzaliwa wa Mahuva, Gujarat, alikuwa na miaka 29. Aliyealikwa kuuwakilisha Ujaini, dini ya kale ya India, ni mtawa mkuu Acharya Vijayanandsuri, maarufu kama Atmaramji. Ila mtawa wa Kijaini husafiri kwa miguu tu, na Chicago hakufikiki kwa miguu. Kijana akatumwa badala yake.

Kumbukumbu za mkutano huo, zilizohaririwa na mchungaji John Henry Barrows, zimehifadhi ugomvi mkali. Mhubiri George Pentecost wa London alidai mahekaluni India kuna makuhani wanawake ambao ni makahaba. Septemba 25 ilipofika zamu ya Virchand, alianza na Pentecost. Dini yake mwenyewe haikuguswa. Waliotukanwa ni Wahindu. Angeweza kusoma hotuba yake akaenda zake. Lakini alisema wazi kwamba maovu ya jamii si mafundisho ya dini, na kwamba matusi si hoja. Akawageukia wamisionari wanaojiona akina Paulo wapya: wakishindwa kuwaongoa watu India, hurudi kwao na kumaliza umri wakiwatukana Wahindu.

Siku ya kuagana aliwakumbusha wajumbe kisa cha vipofu saba na tembo. Vivekananda alikuwa amewapa mfano wa mito inayoishia katika bahari moja. Wengi huichukulia mifano hiyo kuwa kitu kimoja, na hapo ndipo wanapokosea. Kwa Vivekananda, njia zote zinafika kwa Mungu mmoja. Ujaini haumtambui Mungu muumba, na kila roho inabaki kivyake. Kisa cha tembo kinabeba fundisho lake la anekantavada: ukweli una pande nyingi, na anayeshika upande mmoja asidai ameshika wote.

Tena tusiwavike Wajaini wa kale kilemba cha ukoka. Wanafalsafa wao walilitumia fundisho hilo kama silaha ya mjadala: nyinyi mmeona upande mmoja, mwalimu wetu mkuu Mahavira ameona pande zote. Kuliita ahimsa (kutodhuru) ya fikra ni jambo la karne ya 20, lililotiwa nguvu na msomi A. B. Dhruva mwaka 1933. Kabla yake Mahatma Gandhi, aliyekuwa rafiki wa Mjaini Shrimad Rajchandra, aliandika mwaka 1926 kwamba fundisho hilo lilimfunza kumpima Mwislamu kwa mtazamo wa Mwislamu mwenyewe. Uvumilivu ambao Wahindu wa leo wanajivunia umekopa hapo pia.

Virchand alifariki Bombay mwaka 1901, akiwa na miaka 36. Siku ya kuzaliwa ya Vivekananda, Januari 12, ni Siku ya Kitaifa ya Vijana nchini India. Kwa Virchand, India ilitoa stempu ya posta mwaka 2002. Wanaoandika vitabu vya shule huko wamtengee walau ukurasa mmoja.